Malalamiko ya Wafua Shaba Kuhusu Shimo Lililoonekana Masikioni Mwao

Soko la Wafua Shaba,
Qoqon.
Jumanne, wiki tatu kabla ya Navruz.

Kwa Mheshimiwa Daktari Mamlakat Turdiyeva,
Mkuu wa Kliniki ya Masikio,
Mtaa wa Tutzor.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUOMBA CHATI YA BINTI YANGU IFUTWE NA MASHINE YENU IREKEBISHWE

Nakusalimu kwa heshima zote. Hali yangu ni njema, mgongo tu ndio unaonisumbua. Masikio yangu ni mazima, ingawa wewe na mashine yako mna maoni mengine, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Jina langu ni Nosirjon Egamov, mfua shaba. Nina miaka hamsini na minane na nimeshika nyundo tangu nikiwa na kumi na minne. Kama umewahi kula pilau kwenye harusi yoyote ya mji huu, basi umekula chakula kilichotoka kwenye sufuria iliyopita mikononi mwangu, na sijawahi kusikia mtu akilalamika. (Binti yangu ananiambia sentensi hiyo niifikirie tena. Iache hivyo hivyo, mwanangu.)

Anayeandika ni huyo huyo binti yangu, Shahlo, kwa sababu mwandiko wangu unafaa kuchongwa kwenye shaba tu. Mimi nasema, yeye anaandika. Barua hii ni siri kati yako na mimi. Nemat kinyozi, ambaye duka lake liko ng'ambo ya njia, ametokeza kichwa mlangoni sasa hivi kuniambia kwamba mwanzo wangu umekaa vizuri ila nipunguze kujisifu. Sijui ameisomea wapi.

Jambo lenyewe ni Shahlo. Ni mtoto wangu wa pekee, ana miaka ishirini na miwili, na amefua shaba pamoja nami kwa miaka minne. Siku ya Navruz, mwaka mpya ukiingia, Mzee Orif, mkuu wa soko letu, alipanga kumfunga mshipi wa ufundi mbele ya watu wote, ampe nyundo yake na fuawe lake. Hakuna mwanamke aliyewahi kufungwa mshipi huo katika soko hili. Mimi nimeingoja siku hiyo kuliko nilivyoingoja harusi yangu mwenyewe, na mke wangu analijua hilo, tumeshagombana.

Mwaka huu wakubwa wa mji wametuletea sharti jipya: kila fundi anayeanza awe na cheti cha afya. Shahlo akapimwa macho, akapita. Akapimwa mapafu, akapita. Akaja kwenu. Mkamtia kwenye kile kijumba chenu, mkampigia milio, mkatoa chati. Mstari wake unakwenda sawa kama ukingo wa meza, halafu upande wa kulia, pale palipoandikwa elfu nne, unadidimia kidogo kisha unapanda tena. Kidimbwi. Masikio yote mawili. Chini yake ukaandika kwa mkono wako mwenyewe: "Dalili za mwanzo za kupungukiwa usikivu kwa sababu ya kelele. Azibe masikio awapo kazini, au aache nyundo."

Mzee Orif aliisoma karatasi hiyo mbele ya watu, tukiwa tumekaa kwenye chai. Akanirudishia na kusema, "Nosirjon, binti ni mzuri, mikono anayo. Lakini masikio yake mepesi. Tumwache mwaka mmoja, tuone." Mwaka mmoja wa Mzee Orif mimi naujua. Kuna taa ya umeme ilifungwa dukani kwake nikiwa bado sijaoa, na mpaka leo anasema ataipa mwaka mmoja, aone.

Ama kuhusu kuziba masikio, watu walicheka mpaka chai ikamwagika. "Avae na glavu basi!" akasema mmoja. "Na mto wa kukalia!" akasema mwingine. Sisi nyundo tunaisikiliza, Daktari. Nyundo ndiyo inayokwambia shaba imekuwa nyembamba mahali gani. Mtu wa kwanza kuonekana sokoni ameziba masikio atachekwa mpaka ahame mji, na akiwa mwanamke, hatapewa hata nafasi ya kuhama taratibu.

Kwa hiyo mambo ni mawili tu: ama mashine yako ni mbovu, ama binti yangu anaukosa mshipi. Nimeamua mashine yako ni mbovu. Sababu zangu nazipanga hapa chini, na nimezihesabu ili usiseme hukuziona.

1. Kliniki yenu iliniletea kimya, kisha ikanishitaki nacho.

Nilikuja mwenyewe ili uone masikio ya fundi yakoje. Yule msichana wenu wa kupima, Dilorom, alinipokea vizuri, hilo silikatai. Akanikalisha kwenye kijumba, akanivalisha vile vifuniko vyenye waya, akanipa kitufe. "Baba," akasema, "ukisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, bonyeza."

Hapa inabidi nikueleze kazi yetu. Sufuria kubwa hufuliwa na watu wanne wamelizunguka fuawe, nyundo nne, kila moja inaangukia nafasi yake. Ukichelewa kidogo unagonga nyundo ya mwenzio. Ukiwahi kidogo unagonga vidole vyake. Miaka arobaini na minne mwili wangu umekuwa ukihesabu bila kuniuliza mimi. Basi nikausikia mlio wa kwanza wa Dilorom, nikausikia wa pili na wa tatu, na mwendo wake nikaushika. Mlio, pumzi mbili, mlio, pumzi mbili. Baada ya hapo kama nilisikia ama sikusikia, mimi sijui. Kidole gumba kilikuwa kazini. Kama kuna kosa hapo, kiulizeni chenyewe.

Chati ikatoka imenyooka kama rula. Masikio ya kijana wa miaka ishirini! Nikaizungusha soko zima. Mzee Orif aliishika kwa mikono miwili. Tukapika pilau, tukamwalika na Nemat.

Kabla sufuria haijaoshwa, Dilorom akampigia Shahlo simu: "Mwambie baba arudi kesho, kuna kitu hakijanikaa sawa." Nikarudi, maana sina cha kuficha. Safari hii msichana akauvuruga mwendo wake makusudi. Mara mlio huu unafuatwa na huu, mara ananyamaza muda wa mtu kufunga viatu. Nilipotoka akanitazama kwa huruma ambayo sikumwomba. "Baba, umebonyeza mara kumi na nne nikiwa nimekaa tu nakunywa chai."

Nauliza kwa unyenyekevu: ofisi ya umma inaruhusiwa kumletea mzee kimya, mzee akakipokea kwa adabu, halafu ikaandika dhidi yake? Chati ya pili ikatoka. Ya Shahlo ilikuwa kidimbwi. Yangu ilikuwa kisima.

2. Dilorom alijifunika mdomo.

Alinisomea maneno ishirini niyarudie. Tukiwa tumetazamana niliyapata yote ishirini, na nikamrekebisha tamshi la mawili. Halafu akachukua karatasi akaiweka mbele ya mdomo, akasoma mengine ishirini kwa sauti ile ile. Nikapata tisa.

Sasa, ni mtu gani anazungumza na mkubwa wake akiwa amejificha nyuma ya karatasi? Sokoni kwetu nyundo zikilia hakuna anayepiga kelele. Tunatazamana midomo tu, mambo yanakwenda, hata utani unakwenda, hata posa ya mtu iliwahi kujadiliwa ikamalizika bila nyundo kusimama. Dilorom akasema, "Ndiyo maana nimejifunika, baba. Napima masikio, sipimi macho." Shahlo alikuwepo, na badala ya kunitetea, akatikisa kichwa kukubaliana naye. Niliumia.

3. Sikuachiwa hata kisingizio kimoja.

Nilisema labda masikio yana nta. Dilorom akanimulika kwa kijitaa chake na kusema ni safi kama sahani ya mgeni. Nikasema basi ni mafua. Akanipulizia hewa kidogo sikioni kwa kidude, mashine ikachora kilima, akasema ngoma ya sikio inacheza vizuri kabisa. Nikasema basi labda sauti inakwama mlangoni, ndani hapana neno. Hapo akachukua kitu kidogo, akakibandika kwenye mfupa nyuma ya sikio, akasema sauti hiyo haipiti mlangoni, inapita kwenye mfupa moja kwa moja hadi ndani. Tukapima. Kisima kikawa pale pale, kina kile kile. "Umeona, baba?" akasema. "Mlango ni mzima. Shida iko chumba cha ndani."

Mheshimiwa, mtu mstaarabu humwachia mgeni wake walau njia moja ya kutokea. Wenzetu mnafunga madirisha yote.

4. Mashine ina shimo, na mashahidi ninao.

Sikukata tamaa. Nilisema moyoni, kama ni mimi peke yangu, sawa, uzee. Wacha niwalete wote. Wafua shaba wa soko letu ni ishirini na saba, mimi nikiwemo, mbali na Shahlo. Dilorom alitaka wasiguse nyundo tangu siku moja kabla, eti masikio yapumzike ndipo yapimwe. Soko likanyamaza. Watu walikuja mbio kutoka mitaa mitatu kuuliza nani amekufa.

Wakapimwa mmoja mmoja. Na sasa sikiliza vizuri. Kila mtu, mnene kwa mwembamba, mlevi kwa mcha Mungu, mstari wake ulidondoka mahali pale pale. Elfu nne. Watu ishirini na saba wasio ndugu hawawezi kung'oka jino lile lile! Kama duka zima wanalalamika kwamba hatua ya tatu ya ngazi haipo, mtu mwenye akili anaitazama ngazi, haitazami miguu yao. Mashine yenu imetoboka pale elfu nne, sauti inavujia hapo. Mimi ni fundi, naijua kazi ya kuziba mashimo, na niko tayari kuja kuitazama bure.

Dilorom aliniomba nimlete mtu mmoja asiyefua shaba. Nikamleta Nemat kinyozi. Mstari wake ulinyooka mwanzo hadi mwisho, na hakubonyeza hata mara moja kwenye kimya. Jambo hili linanifadhaisha, lakini nina jibu: mtu anayesikiliza mikasi kutwa nzima, masikio yake yamezoea vitu vidogo vidogo. (Nemat ametokeza kichwa tena. Anasema anapinga.)

Aidha, kijumba chenu kina mbu. Sotvoldi, mwenye duka la pili kutoka langu, alitoka mle ndani akijipigapiga kofi. Akaulizwa, akasema mbu anamlilia sikioni na hamwoni. Kila aliyefuata akatoka na habari ya mbu huyo huyo. Hata mimi nilimsikia, na namkumbuka vizuri kwa sababu nikilala pia huwa yupo. Dilorom akasema, "Hakuna mbu, wazee wangu. Ni masikio yenu yanalia yenyewe." Naomba usafi wa kliniki uangaliwe.

Mwisho akatukusanya wote ukumbini akatueleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana, na kelele inavilaza chini. Vikilazwa siku moja vinaamka. Vikilazwa miaka, haviamki tena, na vinavyotangulia kulala ni vya sauti hizo nyembamba za elfu nne. Ndiyo sababu, eti, wote tumetoboka mahali pamoja. Watu walimsikiliza kwa heshima kwa kuwa hakuwa amejifunika mdomo.

5. Kama shimo ni la kweli, basi ni cheo.

Hapa ndipo akili iliponijia. Nilizitandika chati zote kwenye sakafu ya duka, nikazipanga kwa urefu wa visima. Ajabu! Mwenye miaka sita kazini ana kidimbwi. Mwenye miaka kumi na tano ana shimo la kupanda mti. Mwenye arobaini ana kisima. Hakuna hata mmoja aliyeruka foleni. Mashine yenu haijui majina yetu wala haijawahi kukanyaga sokoni, lakini imetupanga kwa ukongwe kuliko sisi wenyewe tulivyowahi kujipanga kwenye karamu yoyote.

Kwa hiyo kile mlichokiita ugonjwa ni cheti cha ufundi kilichoandikwa ndani ya kichwa cha mtu, mahali ambapo hakuna wa kukighushi. Na kama ni hivyo, Shahlo mwenye miaka minne kazini na kidimbwi cha miaka minne ni mfua shaba kamili, mashine yenyewe imeshuhudia, na Mzee Orif hana pa kukimbilia.

Nilimpelekea hoja hiyo. Kwanza alinuna, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, yaani sauti ambayo Nemat aliisikia lakini mwenye duka la mkate hakuisikia, "Yangu mimi imefika wapi?"

"Chini kabisa, mzee. Imetokea nje ya karatasi."

"Nje ya karatasi!" akasema, na tangu hapo hajaacha kutabasamu. Ameitia chati yake kwenye fremu na kuitundika juu ya fuawe. Wengine nao wametundika zao. Jana Sotvoldi na jirani yake walishikana mashati kwa tofauti ya nukta moja ya sikio la kushoto, na kuna mzee mmoja anaomba apimwe upya kwa sababu siku ile, anasema, alisikia zaidi ya uwezo wake.

Lakini kuhusu Shahlo, Mzee Orif bado anasema, "Daktari ameandika aache nyundo. Mimi nani nibishane na daktari?" Huyo ndiye mtu aliyebishana na taa.

6. Maombi yangu.

Kwa sababu hizo tano naomba yafuatayo, na naamini utaona kwamba sikuzidisha.

(a) Chati ya Shahlo ifutwe, au ipigwe muhuri mpya unaosema AMEFUZU.

(b) Mashine ihamishiwe hapa sokoni na watu wapimwe nyundo zikiwa zinalia, maana hayo ndiyo maisha. Hakuna mtu anayeishi ndani ya kijumba chenye godoro ukutani.

(c) Kimya kisitumike tena kama kipimo.

(d) Kwa kuwa watu ishirini na saba waaminifu, walipa kodi, hawaisikii sauti ya elfu nne, na maisha yao yamekwenda vizuri, inaonekana wazi kwamba sauti hiyo haina kazi. Naomba mji uiondoe. Birika zinazopiga mluzi ziagizwe kupiga mluzi mnene. Simu vivyo hivyo. Ndege wa bustani ya mjini wapewe muda wa kujirekebisha. Watoto wadogo, ambao nimegundua wote siku hizi wanazungumza kwa kunong'ona, wafundishwe shuleni kuongea kama watu.

Shahlo ameweka kalamu chini. Anasema, "Baba, ndege siwaandiki." Nimemwambia mimi ndiye mlalamikaji. Anasema, "Na kama ni kweli, baba? Kama kweli hicho kidimbwi kimeanza?" Nimemwambia ni mashine. Anasema, "Nakuuliza mimi, siiulizi barua." Nimemwambia aandike. Ameandika, kama unavyoona, na ndege wamo, lakini kwa shingo upande.

Anataka niongeze jambo lake mwenyewe, na kwa haki namruhusu. Anasema nyundo haiachi, hata Mzee Orif ampe mwaka mmoja, hata ampe kumi. Anasema hiyo ndiyo kazi anayoiweza na anayoipenda, na hajaona ni kwa nini achague kati ya mikono yake na masikio yake wakati vyote alizaliwa navyo. Hilo ni lake. Mimi nimekaa kimya, msije mkakipima na hicho.

Namalizia kwa kukuomba usichukie. Tunakuheshimu sana, na sokoni unasifiwa kwa visima ulivyotupatia. Msalimie Dilorom, mwambie tumemsamehe karatasi yake. Msalimie yule mama wa usafi aliyeniazima ndala. Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na mume wako kama unaye, na kama huna, mafundi wawili hapa ni wajane na visima vyao ni vya heshima. Mke wangu Inobat anakusalimu. Shahlo anakusalimu kwa mkono huu huu. Nemat anakusalimu kutoka ng'ambo ya njia.

Ni mimi, mwenye masikio mawili na yote ya kazini,

Nosirjon Egamov,
kwa niaba ya wafua shaba ishirini na saba, pamoja na mmoja ambaye bado mnamzuia.

N.B. Haya naandika kwa mkono wangu, vumilia hati. Shahlo ameenda kutafuta bahasha.

Daktari, mashine msiiguse. Mashine ni nzima.

Siku ile ya pili, baada ya kisima, Dilorom alinitundikia kifaa kidogo cha kukuza sauti sikioni akasema, "Baba, hebu tembea nacho ukumbini, kisha uniambie." Nikatoka. Kwenye benchi alikuwa amekaa Inobat, mke wangu, ananisubiri. Alikuwa anaimba. Taratibu tu, peke yake, kama mtu anayengoja. Zamani aliimba hivyo kila alipokanda unga, na miaka tisa iliyopita akaacha. Nilidhani nimemuudhi kwa jambo fulani. Sikuuliza, kiburi tu, nikangoja arudie mwenyewe. Midomo nilikuwa naiona inacheza juu ya unga, nikadhani ananisema.

Hakuacha, Daktari. Hakuacha hata siku moja. Nilimrudishia Dilorom kifaa chake, nikamwambia hakifai, nikaenda kusimama chooni mpaka uso wangu ukakaa sawa.

Kwa hiyo sasa naomba hivi. Kile kifaa, kama bado kipo, nitakifuata Alhamisi. Nitavaa kofia ya manyoya. Ninyi msishangae, na Nemat msimwambie.

Pili, tuletee vizibo vya masikio jozi ishirini na nane kabla ya Navruz. Nitawaambia wenzangu kwamba vinagawiwa kwa cheo, mwenye kisima kirefu kuliko wote ndiye anayevaa kwanza. Mzee Orif hatakubali kutanguliwa na mtu, wengine watagombania nafasi ya pili. Wanaume ishirini na saba wakishaziba masikio, Shahlo atavaa wa mwisho kama mdogo wao, na hakuna atakayemcheka wala kumwambia masikio yake mepesi. Mshipi atafungwa.

Lakini vyake mnipe hiyo hiyo Alhamisi. Nitafunga duka mpaka siku hiyo, nitasema mgongo.

Chati yake msiifute hata nukta. Mpimeni kila mwaka, na matokeo mnieleze kama yalivyo, hata nikibisha. Najua nitabisha. Mama yake ameanza kumfundisha nyimbo zile, na mimi sitaki aje kuziona midomoni tu.

N. E.